Maswali Yenu: Pampu imekufa, hela haijaingia, na mmisionari bado yupo kijijini

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wa kazi moja, wamisionari na wainjilisti waliotumwa vijijini, na sio kuhubiri tu, kuna visima, zahanati, mashamba darasa, vikundi vya akina mama, yani mtu mmoja anabebeshwa kazi za wizara nne. Wengine ni wageni kutoka nchi za mbali, ila wengi siku hizi ni wenyeji waliotumwa na makanisa yao kwenda upande mwingine wa nchi hiyohiyo. Majina nimeyatoa yote. Barua nyingine nimezikata kidogo maana kuna ndugu aliandika mpaka karatasi ikamuishia akamalizia pembeni, tunashukuru ila nafasi ni finyu.

SWALI: Bwana asifiwe Mwalimu. Kanisa letu lilichimba kisima na kufunga pampu ya mkono, siku ya uzinduzi watu walicheza mpaka giza likaingia. Sasa pampu imekufa, ina miezi, wanakijiji wamerudi kuchota mtoni na kila nikipita naulizwa kanisa litakuja lini kuitengeneza. Hamna hata mmoja aliyeshika spana. Mimi nimeumia moyo kwa kweli, hawa watu hawana shukrani au mimi ndo sijui kazi?
Mchungaji, mwenye kisima

JIBU: Amina mtumishi. Kwanza hiyo saini yako, "mwenye kisima", tuiache hapohapo manake ndo ugonjwa wenyewe umejiandika. Shukrani haihusiki hapa. Nikuulize, nani alichagua mahali pa kuchimba? Hizo spana zipo kwa nani? Duka la spea lililo karibu liko wapi na nani anayajua majina ya spea zenyewe? Kama majibu yote ni wewe, ofisi ya kanisa, na mjini, basi wanakijiji wako sahihi kabisa kukuuliza wewe, hata mimi ningekuuliza wewe.

Hii habari ya pampu kufa sio yako peke yako na wala haijaanza leo. Miaka ya 1960 kule India jimbo la Maharashtra ukame ulikuwa mkali, visima virefu vikachimbwa kwa wingi vikafungwa pampu za chuma cha kuyeyusha ambazo zilibuniwa kwa matumizi ya familia moja kwenye shamba lake, sasa wewe weka kijiji kizima kwenye pampu ya familia moja, asubuhi mpaka usiku, ikadumu wapi? Zilikuwa zinakufa hovyo. Waliohangaika mwanzo kabisa kuziboresha ni watu wa misheni wa Jalna na Sholapur hukohuko Maharashtra, wakatengeneza pampu ya chuma cha pua kigumu zaidi, ya kubeba kijiji, na huo mfano wa Sholapur ndo ulichukuliwa na UNICEF pamoja na serikali ya India miaka ya 1970 ikazaliwa pampu inayoitwa India Mark II, ambayo leo zipo kwa mamilioni duniani. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba misheni haijui maji.

Ila sasa sikiliza, ndo somo lipo hapa. India Mark II ilikuwa ngumu kweli, lakini ikiharibika chini unatakiwa kuvuta bomba zote juu, kazi ya timu yenye vifaa na gari, kijiji peke yake hakiwezi. Ndo maana miaka ya 1980 huku Afrika, ilianzia Malawi ikaendelezwa Kwale nchini Kenya, ikatoka Afridev, ambayo pistoni na fito zake zinatolewa bila kung'oa bomba, na vinavyochakaa ni vitu vidogo, raba ya pistoni, bushi za mkono, watu wawili watatu waliofundishwa wanamaliza kabla jua halijawa kali. Pampu ya kwanza ilitengenezwa isivunjike. Ya pili ilitengenezwa kwa kukubali kwamba itavunjika, na atakayeitengeneza ni mama anayechota. Mi naona hiyo hatua ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza na ndo hatua ambayo miradi mingi ya makanisa haijaifikia, tumekwama kwenye uzinduzi na picha.

Sasa ufanye nini. Usiitengeneze kwa hela ya kanisa ukaondoka, maana utarudi tena mwakani. Lakini pia usikae umekunja mikono watoto wanaharisha maji ya mto ili "wajifunze", hiyo nimeiona na ni ukatili uliovaa joho. Itisha mkutano, sio kanisani, itisha chini ya serikali ya kijiji ili na wasiosali kwenu waje. Sema wazi bei ya spea na nauli ya kuifuata. Kanisa lichangie sehemu mara hii moja na iandikwe kwamba ni mara moja, iliyobaki watoe wao, na wakubaliane mchango wa matengenezo wa kudumu, ukusanywe baada ya mavuno wakati watu wana kitu mkononi. Mweka hazina wamchague wao, wewe usiwemo hata kama mjumbe. Alafu mafundi: chagua wanawake kwa wingi. Vijana wa kiume ukiwafundisha ufundi vizuri wanaupeleka mjini na siwalaumu, ila mama mwenye ndoo anabaki na pampu ikilia anaisikia yeye wa kwanza.

Na hakikisha aina ya pampu uliyofunga ndo inayotumika wilayani humo. Kuna wamisionari wanaleta pampu nzuri sana kutoka kwao, ya pekee kabisa, spea yake inapatikana nchi moja tu duniani. Jamani.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mume wangu ni mmisionari, mimi ni nesi ila tangu tuje huku mimi ni "mama mchungaji" tu. Yeye yuko kwenye pikipiki wiki nzima, mimi nabaki na watoto na wageni. Hela ya wafadhili inachelewa, kuna wakati hatujui kesho itakuwaje, lakini kwa vile tunakaa nyumba ya misheni yenye bati na kuna gari la mradi limepaki nje watu wanajua sisi ni matajiri, kila siku mlango unagongwa. Mwanangu wa kwanza kawekwa shule ya mbali analia kwenye simu. Siwezi kumwambia mtu yeyote manake nitaonekana imani yangu ndogo. Nifanye nini, nimechoka.
Mama wawili

JIBU: Marahaba mama. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote.

Huo uchovu wako una historia ndefu na kwa bahati mbaya historia yenyewe iliandikwa na wanaume. Krapf, yule mmisionari Mjerumani, tunamjua wote, alifika Mombasa 1844, anasifiwa kwa kamusi na tafsiri, lakini mke wake Rosina alikufa mwaka uleule wa 1844, miezi michache tu baada ya kufika, pamoja na mtoto mchanga, na kwenye vitabu vingi anapata mstari mmoja. Mary, mke wa Livingstone, alirudishwa Uingereza na watoto akaishi miaka ya shida na upweke wakati mume anachora ramani, alipomfuata tena huku akafa kwa homa pale Shupanga kando ya Zambezi mwaka 1862. Sisemi haya kukutisha, sasa hivi kuna chandarua na dawa na simu, nasema ili ujue kwamba wito wa mume kulipwa na mwili wa mke ni mazoea ya zamani sana kwenye hii kazi na mazoea sio amri ya Mungu.

Imani yako sio ndogo, umechoka, basi. Mtu akifanya kazi bila likizo, bila rafiki na bila hela ya uhakika atachoka awe mtakatifu awe nani.

Cha kwanza, unesi wako. Andika barua kwa kanisa lililowatuma, wewe mwenyewe, kwa jina lako, uombe utambuliwe kama mtumishi na sio mzigo wa mtumishi. Makanisa mengi yanapata watu wawili kwa posho ya mmoja na yanaona kawaida tu. Kama kuna zahanati ya serikali karibu nenda ukaulize, wana upungufu wa watu kila mahali, hata siku mbili kwa wiki zitakurudishia akili.

La hela: mtenganishe hela ya nyumba na hela ya mradi kabisa, daftari mbili. Hapo ndo ndoa nyingi za wamisionari zinachubuka, mume anachukua ya watoto ananunulia saruji kwa sababu fundi kasimama na wafadhili wamechelewa, kwa nia njema kabisa, alafu mwisho wa muhula ada haipo. Na wafadhili waambiwe ukweli kwenye ripoti. Sijui nani alitufundisha kwamba ripoti ya misheni lazima iwe na ushindi kila ukurasa. Mkisema "tunamshukuru Mungu tunaendelea vizuri" mwaka mzima wao wanaamini mnaendelea vizuri, wana kosa gani?

Kuhusu mlango unaogongwa, hapo sitakudanganya, gari la mradi likipaki kwako wewe ni tajiri, hamna maelezo yatakayolitoa hilo kichwani mwa jirani, na kusema kweli ukilinganisha na yeye anaona sawa. Linaweza kulala ofisi ya kijiji au kituo cha afya? Jaribuni. Na mgawane siku na mzee, siku fulani mlango ni wa wageni, siku fulani ni wa watoto wenu, wageni wataelewa, watu wa vijijini wanajua vizuri sana mtu mwenye msiba na mtu mwenye mapumziko.

Na tafuta mtu wa kuongea naye ambaye hayumo kwenye kamati yenu na hatoi hela yenu. Hata mke wa mchungaji wa dhehebu jingine. Hili la mtoto anayelia kwenye simu mwambie baba yake asikilize yeye mwenyewe simu hiyo, jioni nzima, pikipiki ikiwa imezimwa.

SWALI: Mwalimu mambo. Tukigawa msaada watu wanajaa kanisani, msaada ukiisha wanapungua. Mzee wa kanisa anataka tuanze kugawa baada ya ibada tu ili "wasikie Neno kwanza". Ni sawa?
Mwinjilisti kijana

JIBU: Poa. Sio sawa. Mwambie mzee kwa heshima zote.

Mtu mwenye njaa akikaa kwenye benchi la kanisa akisubiri gunia, ni gunia analosikiliza, mahubiri yanapita juu. Halafu jirani yake wa dini nyingine anaona kabisa kwamba njaa yake ina masharti, na hilo halisahauliki hata vizazi viwili. Mwaka 1994 Msalaba Mwekundu pamoja na mashirika mengi ya misaada, yakiwemo ya Kikristo, walikubaliana kanuni za maadili na mojawapo inakataza msaada kutumika kusukuma msimamo wa dini au siasa, msaada unaenda kwa mwenye shida kwa kipimo cha shida yake. Hubiri Jumapili, gawa Jumanne, mahali tofauti, orodha itengenezwe na kijiji. Atakayekuuliza kwa nini unafanya hivi, huyo mjibu, kwa kirefu.

Kuna upande wa pili wanaosema basi kanisa lihubiri tu lisijiingize kwenye mambo ya ardhi na visima. Hao nao nawakatalia. Nyerere, Mkatoliki wa kufunga na kusali, mwaka 1970 alienda Marekani akawaambia masista wa Maryknoll kwamba kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowafanya watu wawe maskini na wadhalilike litakuwa halina maana tena kwa binadamu. Aliwaambia watawa, uso kwa uso.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni sista, ninasimamia zahanati ya misheni. Foleni ni kubwa, tunatibu vizuri, dawa tunazo kiasi, lakini watoto ni walewale na magonjwa ni yaleyale, natibu mtoto kuhara leo baada ya mwezi mama kamrudisha. Wafadhili wamekubali kutujengea wodi mpya. Wenzangu wamefurahi, mimi nina wasiwasi na sijui kwa nini.
Sista

JIBU: Milele amina. Sista huo wasiwasi wako usiupuuze, waliowahi kuwa nao wameibadilisha afya ya dunia na sisemi kwa kukuza.

Mwaka 1968 Baraza la Makanisa Ulimwenguni liliunda tume ya Kikristo ya tiba pale Geneva, ikaanza kuangalia mahospitali ya misheni duniani kote ikauliza swali lako hilohilo, hizi hospitali nzuri zinameza hela na watu karibu zote, mbona watu wanaozizunguka wanaendelea kuugua yaleyale yanayozuilika? Jibu lilikuwa chungu kwa wamisionari waliotumia maisha yao kujenga hizo hospitali. Tume ikaanza kukusanya mifano ya watu waliokuwa wanafanya tofauti, ikashirikiana na Shirika la Afya Duniani, na mwaka 1978 pale Alma-Ata, mji wa Kazakhstan, nchi za dunia zikatangaza huduma ya afya ya msingi kuwa ndo njia. Wengi wanadhani lile wazo lilitoka kwa wataalamu wa serikali tupu. Sehemu yake kubwa ilipikwa na watu wa zahanati za misheni kama yako.

Mfano mmojawapo uliosomwa sana ni Jamkhed, tena Maharashtra (mkoa huo naona umetufuata leo). Raj na Mabelle Arole, mume na mke, madaktari Wakristo Wahindi, walianza pale 1970. Wangeweza kujenga hospitali kubwa wakakaa ndani. Wao wakavitaka vijiji vichague wanawake wao wenyewe wafundishwe kuwa wahudumu wa afya, na wengi waliochaguliwa walikuwa hawajui kusoma, wengi wa tabaka la chini kabisa ambao jamii ilikuwa haitaki hata kunywa nao maji. Wakifundishwa kidogokidogo, wanarudi kijijini, wanakuja tena, uzazi salama, lishe, maji safi, kuhara, na walichojifunza wakawa wanakifundisha kwa majirani. Na kazi yenyewe haikuanzia kwenye dawa, ukame ulikuwa umewabana watu kwa hiyo maji na kilimo vilikuja mbele. Vifo vya watoto wachanga vikashuka sana na watu wakawa wanatoka mataifa mbalimbali kwenda kujifunza kwa akina mama hao, profesa amekaa chini anafundishwa na mtu asiyejua kusoma.

Ugumu upo na nisiufiche. Kwanza wauguzi wako watanung'unika, mtu kasomea miaka unamwambia nusu ya kazi ataifanya mama wa kijijini. Pili wafadhili wanapenda wodi kwa sababu wodi ina ukuta wa kubandika kibao cha jina, mtoto ambaye hakuugua hana pa kubandika kibao. Tatu wahudumu wa vijijini wakiachwa bila usimamizi na bila chochote wanachoka, kujitolea kuna kikomo, tafadhali usijenge mfumo wako wote juu ya migongo ya wanawake wasiolipwa ukauita huduma.

Ushauri wangu: wodi msiikatae, ila waombeni wafadhili hela hiyohiyo igawanywe, wodi iwe ndogo. Na kabla ya tofali la kwanza tembea wewe mwenyewe nyumba za hao watoto wanaorudi kila mwezi, uangalie maji yanatoka wapi na choo kiko wapi. Naamini unajua tayari utakachokuta.

SWALI: Habari za kazi Mwalimu. Nipo kwenye eneo la milima, mashamba ni mteremko mkali na udongo wote unaenda bondeni. Nimefanya semina za hifadhi ya udongo mpaka nimechoka, wanakula chakula cha semina, wanaitikia, wanaenda kulima vilevile juu chini. Kuna tumaini kweli?
Bwana shamba wa misheni

JIBU: Salama ndugu. Semina inayoanza na chakula inaishia na chakula, tuanzie hapo.

Tumaini lipo na nina mfano. Harold Watson alikuwa mmisionari wa Kibaptisti kutoka Marekani, mkulima kwa asili, mwaka 1971 alianzisha kituo cha maisha ya vijijini huko Mindanao, Ufilipino, mteremko mkali kama wako na udongo umechoka. Yeye na wenzake Wafilipino hawakuja na jibu mfukoni, walisikiliza wakulima wanalalamikia nini, wakajaribu kwenye mteremko wa kituo chenyewe ambao kila apitaye njia anauona. Kilichotoka ni mfumo unaoitwa SALT, kifupi cha Kiingereza cha teknolojia ya kilimo kwenye mteremko. Unapanda safu mbilimbili za vichaka vinavyorutubisha udongo, kama lusina, kwa kufuata mistari ya kontua, yani mistari inayokata mteremko kwa usawa uleule bila kupanda wala kushuka, kila baada ya mita 4 au 5, katikati ya safu unalima mazao yako, vichaka vikikua unakata majani unayatupa kwenye shamba yanakuwa mbolea. Udongo unaoshuka unanaswa na safu na baada ya miaka mteremko unajitengenezea ngazi wenyewe, hamna aliyeshika sululu kuchimba matuta. Kupima kontua unatumia fremu A, miti mitatu, kamba na jiwe, mtoto wa darasa la tano anaweza.

Alafu ikaja balaa. Katikati ya miaka ya 1980 wadudu wakavamia lusina, mashamba yaliyotegemea mti huo mmoja yakapata shida. Kituo kikahamia kwenye mchanganyiko wa miti, gilirisidia na mingineyo. Nakutajia hili kwa sababu sisi wa misheni tunapenda kufikisha teknolojia kama vile imeshuka Sinai, ikiingia dosari tunaona aibu kusema. Wakulima wanatuamini zaidi tukiwaonyesha na iliyokufa.

Jambo jingine, wanaokuitikia bila kufanya wana sababu, waulize. Mara nyingi ni ardhi: aliyekodi shamba msimu mmoja hawezi kupanda vichaka vya miaka mitano ili afaidi mwenye shamba. Mara nyingine ni mifugo inayoachiwa baada ya mavuno inakula kila kijani, hapo tatizo lako sio kilimo ni sheria ndogo ya kijiji, kaa na wazee. Au ni nguvu kazi, mwanaume yuko mjini na mama yuko peke yake na mtoto mgongoni. Acha semina mwaka mmoja. Tafuta wakulima wawili wakorofi wanaobisha kila kitu, wakubali kujaribu kipande kidogo tu, wao ndo watakaoaminika.

SWALI: Mwalimu sema ukweli bila kuzunguka. Wamisionari wa nje waondoke au wabaki? Sisi wenyeji tunafanya kazi ileile, yeye analipwa mara nyingi zaidi yangu na yeye ndo anasaini cheki.
Aliyechoshwa

JIBU: Bila kuzunguka: cheki ihame kwanza, mtu tutaongea baadaye.

Swali lako liliulizwa hadharani mwaka 1971 na Mchungaji John Gatu wa kanisa la Presbyterian Kenya, tena akiwa Marekani mbele ya haohao wanaotuma, akasema wamisionari na hela vikome kwa muda, angalau miaka 5, ili makanisa ya huku yajue yanasimama kwa miguu gani. Ilikuwa kishindo. Mwaka 1974 mkutano wa makanisa ya Afrika pale Lusaka ukaunga mkono. Haikutekelezwa kama ilivyosemwa, makanisa mengi yakaendelea kupokea, lakini baada ya pale kila mkataba wa ushirikiano uliandikwa na watu waliokuwa wamesikia.

Na kumbuka hata wazungu wenyewe walishalisema kabla. Henry Venn, katibu wa CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana la Uingereza, karne ya 19, alitaka kanisa lijitegemee kwa fedha, lijiongoze, lijieneze, na mmisionari ahame aende kwingine. John Nevius, mmisionari Mmarekani aliyefanya kazi China, alipowatembelea wamisionari vijana wa Korea mwaka 1890 aliwaambia waumini wabaki na kazi zao, wajenge makanisa yao kwa uwezo wao, wawalishe watumishi wao. Korea wakafuata, na leo Korea Kusini ni mojawapo ya nchi zinazotuma wamisionari wengi zaidi duniani. Nadharia ilikuwepo muda wote. Tatizo anayesaini cheki hajisikii kamwe kwamba wakati umefika, kila mwaka anaona bado mmoja.

Kwa hiyo mi simfukuzi mtu. Mgeni anayejua kuchimba kisima au kufundisha wakunga, anayekaa chini ya mwenyeji kama bosi wake na tarehe yake ya kuondoka imeandikwa, karibu sana. Wewe fanya hivi, mkutano ujao wa bodi omba kwa maandishi vitu vitatu, mishahara yote ijulikane na bodi, saini ya pili kwenye cheki iwe ya mwenyeji asiyeajiriwa na mradi, na tarehe ya makabidhiano. Wakikataa la mishahara usishangae, hilo huwa linakataliwa mwanzo. Liombe tena.

SWALI: Nina miaka 19 nataka kuwa mmisionari vijijini, nianze na chuo cha Biblia?
Binti

JIBU: Chuo cha Biblia utaenda, usiogope. Anza na ufundi. Alexander Mackay aliyefika Buganda 1878 alikuwa injinia, watu walimfuata kwenye karakana kabla ya kumfuata kwenye maombi, na alipokufa kwa malaria mwaka 1890 alikuwa anajulikana kwa mikono yake kama alivyojulikana kwa Biblia. Soma unesi, maji, umeme jua, kilimo, uhasibu hata, wahasibu waaminifu misheni tunawatafuta kwa tochi. Jifunze kuendesha na kutengeneza pikipiki. Na ukipata nafasi kaa mwaka mmoja kijijini bila cheo chochote, bila fulana ya mradi, umsaidie mtu anayeijua kazi. Ukimaliza huo mwaka na bado unataka niandikie, kuna sista hapo juu anahitaji watu.